Nani Ameshika Kamba

Mwezi wa Julai mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, huvuka mto Ntahangwa bila kulowesha magoti. Wachimba mchanga wamo mtoni na makoleo yao, nguo zimeanikwa juu ya mawe, na mgeni akiambiwa kwamba mto huu hula nyumba atadhani anataniwa. Mgeni huyo na arudi Machi au Aprili. Mvua ikishapiga vilima vya Mirwa juu ya mji, maji hushuka kwa kasi kuelekea ziwani yakiwa yamebeba udongo, mawe na magogo, na ukingo huanza kumeguka. Kwanza huenda ua wa mabati, halafu choo, halafu chumba cha mpangaji. Msimu unaofuata mto hurudi kumalizia.

Umekula kiasi gani? Swali ni jepesi, jibu lake halipatikani mtaani. Mwenye nyumba atakuonyesha ukuta wake. Aliyesimama darajani anaona kona moja tu. Ramani ya ofisini ina mstari wa buluu uliochorwa zamani, nao hausogei. Zipo picha za setilaiti zinazotolewa bure, kama zile za Sentinel-2 ya Ulaya, lakini kila nukta ya picha hizo ni mraba wa mita 10 kwa 10. Nyumba nzima ya Buyenzi, pamoja na wapangaji wake, inamezwa na nukta moja. Tena msimu wa mvua, pale picha inapohitajika hasa, setilaiti hiyo ikitazama Bujumbura huishia mara nyingi kuona mawingu.

Kati ya paa la nyumba na setilaiti kuna nafasi kubwa. Sura hii inahusu mita 200 za kwanza za nafasi hiyo, na chombo duni kabisa kinachoweza kufika huko na kurudi: puto lililofungwa kamba, na kamera ikining'inia chini yake.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko ndege. Mwaka 1858 Mfaransa Gaspard-Félix Tournachon, aliyejulikana zaidi kwa jina la Nadar, alipanda na puto lililofungwa kamba katika kijiji cha Petit-Bicêtre, karibu na Paris, akiwa na kamera ya vioo. Picha zake za mwanzo zilitoka nyeusi tupu. Gesi iliyovuja mdomoni mwa puto ilikuwa ikiharibu dawa iliyopakwa kwenye vioo. Alipoufunga mdomo ule ndipo mapaa ya kijiji yalipojitokeza, tena hafifu. Picha hiyo ilishapotea. Ya zamani zaidi iliyosalia ilipigwa Boston, Marekani, na James Wallace Black mwaka 1860. Kisha mwaka 1888, huko Labruguière kusini mwa Ufaransa, Arthur Batut akaifunga kamera kwenye tiara, yeye mwenyewe akabaki chini. Kwangu mimi hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza, maana tangu siku hiyo kupiga picha kutoka angani hakukudai tena mtu wa kuhatarisha shingo yake.

Shingo ya George Lawrence iliponea chupuchupu. Mpiga picha huyo wa Chicago alikuwa akipanda na puto mwaka 1901 kapu lake lilipochomoka. Alianguka zaidi ya mita 60, nyaya za simu zikamdaka. Baada ya hapo alihamia kwenye tiara. Mwaka 1906, wiki chache baada ya tetemeko na moto ulioteketeza San Francisco, aliunganisha tiara 17 kwenye kamba moja, zikanyanyua kamera ya zaidi ya kilo 20 hadi mita kama 600 juu ya ghuba. Picha aliyoipata inaonyesha mji mzima, mtaa kwa mtaa, palipoungua na palipopona. Ni picha ya maafa iliyopigwa na mtu asiye na ndege wala jeshi nyuma yake.

Huku kwetu jicho la angani lilikuja na mabomu. Mwaka 1916 Wabelgiji walisafirisha ndege nne za majini aina ya Short hadi upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, zikawa zinavuka kwenda Kigoma kupeleleza na kuishambulia meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ile ile inayoitwa leo Liemba. Vita vilipokwisha wakaja wapima ardhi. Katika miaka ya 1950 ndege za utawala wa Kibelgiji zilipiga picha Ruanda-Urundi ili zitengenezwe ramani, na picha za angani za enzi hiyo, za Kongo, Rwanda na Burundi, zimehifadhiwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Watafiti wanazitumia kufuatilia maporomoko ya ardhi na mabadiliko ya mazingira, na kazi hiyo ina faida. Lakini mkazi wa Mugoboka anayetaka kujua korongo la mtaani kwake lilikuwa na upana gani babu yake alipokuwa kijana, jibu lake limo kabatini Ubelgiji.

Maputo nayo yamepita katika anga ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa na wageni ndani. Jules Verne, rafiki wa Nadar, aliandika mwaka 1863 riwaya ya puto linaloondoka Zanzibar kuvuka bara zima, hali yeye mwenyewe hajakanyaga huku. Mwanzoni mwa 1962 Mwingereza Anthony Smith aliifanya kweli sehemu ya ndoto hiyo: puto lake la haidrojeni, alilolipa jina Jambo, liliondoka Zanzibar likavuka hadi bara. Waliobaki chini walipunga mikono.

Mwaka 2010 ndipo puto lilipowafikia wa chini. Jeffrey Warren, mwanafunzi wa MIT, alikuwa Lima, Peru, akishirikiana na wakazi wa vitongoji ambavyo havikuwa na ramani wala hati za kueleweka. Walirusha kamera za bei ndogo kwa maputo na tiara, wakaziunga picha wenyewe. Mwezi Aprili mwaka huo mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko. Ndege zikawekewa vizuizi juu ya eneo la mafuta. Wakazi wa pwani ya Louisiana wakapanda mashua na maputo yao, wakapiga makumi ya maelfu ya picha za ufuo uliochafuka. Katika kazi hiyo ndimo kikundi cha Public Lab kilimozaliwa. Vifaa vyao ningependa kila fundi wa Buyenzi avione: chupa ya soda ya plastiki iliyokatwa kitako, kamera ndogo imesokotwa ndani yake ili isigonge ukuta ikishuka, na utepe wa mpira umeibana swichi pamoja na kipande cha kifutio, hivyo kamera inabofya mfululizo mpaka kadi ijae. Hakuna kitu hapo ambacho hakipatikani sokoni.

Kitu kigumu ni gesi. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya heliamu hunyanyua takriban kilo moja. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya bahari na joto lake la mchana ni la nyuzi 27 na kuendelea, kwa hiyo hewa yenyewe ni nyepesi na msaada wake unapungua: hesabu inatoa kama gramu 930. Puto la kipenyo cha mita moja na nusu linameza mita za ujazo zisizofika 1.8, nalo litanyanyua kilo 1.6 hivi. Toa uzito wa mpira wenyewe, toa kamba ya mita 200, toa simu ya kupigia picha na chupa yake. Kinachobaki ndicho kinachopigana na upepo, nacho kisipungue nusu kilo, la sivyo upepo mdogo tu utalilaza puto juu ya miembe ya watu. Mtungi mkubwa wa lita 50, ukijazwa kwa mgandamizo wa baa 200, unatosha maputo matano ya aina hiyo. Mtungi huo si wa bei ya mtu mmoja. Ni wa kuchangishana.

Heliamu haitengenezwi kiwandani. Inazaliwa ndani ya miamba mikongwe, urani na thoriamu zinapojivunja polepole kwa mamilioni ya miaka, na inabaki imefungwa humo hadi joto la chini ya ardhi liifungulie. Bonde la ufa ni mahali pa kufaa sana kwa jambo hilo. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, huenda kuna heliamu ya futi za ujazo bilioni 54. Rukwa na Tanganyika ni majirani katika tawi lile lile la magharibi la ufa. Mpiga picha wa Bujumbura, basi, anasubiri mtungi kutoka ng'ambo wakati gesi yenyewe inatokota chini ya ardhi ya jirani yake.

Haidrojeni ni rahisi kuipata na inanyanyua zaidi kidogo. Pia inalipuka. Kwenye intaneti wapo wanaofundisha kuipika kwa magadi makali na vipande vya alumini, mimi sitafundisha. Katika mtaa wenye majiko ya makaa kila ua, cheche moja inatosha kuwa habari ya redioni. Na anayetaka kushona puto la mifuko ya plastiki badala ya kununua la mpira akumbuke kwamba Burundi ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa amri ya rais ya mwaka 2018.

Kuna njia isiyo na gesi kabisa, nayo ni tiara, na Bujumbura imejaliwa kwa hilo. Usiku hewa baridi huteremka milimani kwenda ziwani. Kukipambazuka hutulia. Baadaye jua likishachoma nchi kavu, upepo hugeuka na kutoka ziwani kuja mjini, na alasiri unakuwa wa kutosha kutingisha minazi ya ufukweni. Wavuvi wa ndagala na mukeke wanaijua ratiba hii bila kuangalia simu. Puto linataka utulivu, tiara inataka upepo; mji huu una vyote viwili katika siku moja. Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi ni zamu ya puto, tena jua likiwa bado limelala upande, kivuli cha ukingo kinaanguka ndani ya korongo na kina chake kinaonekana wazi. Kuanzia saa nane mchana ni zamu ya tiara. Mwenye fedha kidogo aanze na tiara.

Kamba iulizwe kwa wauza nyavu. Uzi mwembamba wa nailoni unaotumiwa kwa ndoana una nguvu, ila ukikimbia mkononi unakata nyama hadi mfupa. Afadhali kamba ya kusuka, na glavu juu. Ifungwe kitambaa cha rangi kila baada ya mita 10. Kamba ikiwa imeinama nyuzi 60 kutoka ardhini, mita 115 zilizotoka mkononi ni kama mita 100 za kimo. Kamera isining'inizwe kwa uzi mmoja, maana itazunguka kama pia na kuleta picha za ukungu. Dawa yake ilibuniwa na Mfaransa Pierre Picavet mwaka 1912: vijiti viwili vya msalaba, uzi mmoja mrefu ukipita kwenye ncha zote nne na kupanda sehemu mbili kwenye kamba kuu. Kamba ikiyumba, uzi hujirekebisha na msalaba hubaki umelala sawa. Ukiushika mkononi unadhani ni mchezo wa watoto, mpaka uone picha zake.

Simu ya kawaida yenye kamera ya pikseli milioni 12, ikiwa mita 100 juu, hupata eneo la takriban mita 124 kwa 93, na kila nukta ya picha ni sentimita 3. Kwa kipimo hicho Ntahangwa unaonekana na kingo zake zote mbili, mawe yaliyofungwa kwenye masanduku ya waya kuzuia mmomonyoko, na mahali yalipotobolewa. Mbuzi wanahesabika. Mshika kamba anatembea polepole kando ya mto, simu ikijipiga kila sekunde tano, ili kila picha ishiriki si chini ya theluthi mbili za eneo na ile iliyotangulia. Baada ya hapo programu ya bure kama OpenDroneMap inazishona ziwe picha moja. Ili ishikane na ardhi ya kweli, vitambaa vyeupe vinatandazwa mahali panapojulikana na umbali kati yao unapimwa kwa futi ya kamba. Buyenzi ni rahisi kwa kazi hiyo kuliko mitaa mingi, kwani avenyu zake zimenyooka na zina namba.

Kazi ya Julai inachosha kwa sababu hakuna la kuonyesha, nayo ndiyo yenye thamani kubwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua ilishusha matope na mawe kwenye korongo la Gasenyi, na mafuriko yakapiga Gatunguru, Kamenge, Kinama na jirani zao. Watu zaidi ya 60 walikufa. Baada ya maafa ya namna hiyo wapiga picha hawakosekani. Kinachokosekana ni picha ya mahali pale pale kabla, yenye kipimo, ya kuwekwa kando ya ile mpya ili ijulikane maji yalibadili njia wapi. Dar es Salaam imelijua hilo: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa, pamoja na droni, kuchora maeneo yanayofurika kabla hayajafurika tena.

Kwa nini basi puto, hali droni zipo? Bei ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ni kamba. Bujumbura ni mji ambao mtu mwenye kamera huulizwa maswali, na kitu kinachoruka chenyewe huulizwa zaidi. Droni inapita juu ya ua ambamo mama anamwogesha mtoto, na mama hajui ni ya nani. Puto linaonekana tangu avenyu ya tatu, jekundu, na kamba yake inashuka mpaka kwenye mkono wa mtu anayejulikana. Ukitaka kugomba, unaifuata kamba. "We kijana, ni wewe uliyeleta hiyo kitu juu ya nyumba yangu?" Na kijana hana pa kukimbilia, ataamkia, ataeleza, ataonyesha picha kwenye simu. Mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi sawasawa na hesabu za gesi.

Hata hivyo kamba si kibali. Nyumbakumi aambiwe, chefu wa mtaa aambiwe, na idhini ya wakuu wa mji na wa usafiri wa anga iombwe kwa maandishi kabla ya yote. Buterere na viunga vyake, karibu na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, si mahali pa kujaribia chochote. Kamba isisogee kabisa karibu na nyaya za umeme: iliyolowa umande hupitisha umeme hadi mkononi.

Tuseme yote yamekwenda vizuri na picha ipo, imechapishwa kwa kipimo cha 1 kwa 500. Hapo ndipo ugumu wenyewe unapoanza. Sheria ya maji ya Burundi ya Machi 2012 inataka mita 25 zibaki wazi kando ya mito inayomwaga maji Ziwa Tanganyika, na mita 150 kando ya ziwa lenyewe. Kwenye karatasi hiyo mita 25 ni sentimita 5. Mtoto mwenye rula anaweza kuzipima, na akishazipima ataona paa la shangazi yake limo ndani ya mstari. Picha iliyopigwa ili kudai ukuta wa kuzuia mto inaweza kuwa, katika ofisi nyingine, orodha ya nyumba za kubomolewa. Aliyejenga kibanda ukingoni kwa sababu kiwanja kingine hakumudu atalipa kwanza. Mwenye ghorofa ufukweni atatafuta wakili.

Ziwa linatatiza zaidi, kwa sababu mstari wake wenyewe hautulii. Mwaka 1878 kizuizi cha matope na mimea kwenye Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya Tanganyika, kilisombwa, na katika miaka kama 15 hivi ziwa likashuka takriban mita 10. Mwaka 2021 na tena 2024 lilipanda, likaingia mtaa wa Kibenga na bandarini, na Gatumba, ambayo mto Rusizi ulikuwa umeizamisha mwaka 2020, ikazama tena. Kwenye uwanda ule wa Rusizi, maji yakipanda mita moja ufuo unaweza kusogea mamia ya mita. Mita 150 zihesabiwe kutoka ufuo upi? Puto linaonyesha ufuo wa asubuhi ile tu. Mtu akipiga picha maji yakiwa juu, amewaweka majirani zake ndani ya eneo lililokatazwa. Akipiga kiangazi, amewatoa.

Sioni njia ya kulikwepa hili, na simshauri mtu aache kupiga picha kwa ajili yake. Setilaiti za biashara zenye nukta ya sentimita 30 tayari zinaziona nyumba hizo, na anayezinunua picha zake hana haja ya kumwamkia mtu. Ila wenye nyumba wakae kwanza wakubaliane: kadi ya kumbukumbu inalala kwa nani, nakala ngapi zinachapishwa, ipi inabandikwa hadharani na ipi inakwenda kwa mhandisi wa manispaa, na kama mapaa yatafichwa kabla picha haijatoka mtaani. Mzee atakayepinga asikilizwe, hata akimaliza asubuhi nzima. Mkutano huo ufanyike kabla mtungi haujafunguliwa. Heliamu hupenya kwenye mpira. Puto lililojazwa leo, likingoja watu waelewane, kesho halitainua hata chupa.